Pauni 29,000: Bei ya Kuishi na Mwenzi

Uingereza imeiwekea ndoa bei. Tangu Julai 2012, raia au mkaazi wa kudumu aliyetaka kumleta mumewe au mkewe kutoka nje alitakiwa kuthibitisha kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi pauni 29,000.

Tufanye hesabu. Kuanzia Aprili 2025, kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima nchini humo kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Afanyaye kazi saa 40 kwa wiki, mwaka mzima, alipata takriban pauni 25,400. Kwa hiyo serikali ile ile iliyouhalalisha mshahara huo ndiyo iliyoamua kwamba hautoshi kuishi na mwenzi. Mwenzetu aliyepata uraia wa huko, anayewaogesha na kuwalisha wazee wa watu, aweza kutii kila sheria na bado mumewe akabaki Tanga. Tena mshahara wa mume huyo kazini Tanga hauhesabiwi.

Watetezi wa kanuni hii husema inamlinda mlipakodi. Siikubali hoja hiyo. Viza yenyewe humkataza mgeni kupokea ruzuku za serikali. Juu ya hayo, mwaka 2025 ada ya maombi ilifika pauni 1,938, na tozo ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Huyo anayelipa kabla hajapanda ndege, mzigo wake uko wapi?

Lililo baya zaidi ni hili: sheria imefanywa msitu, kisha maskini akanyimwa wa kumwonyesha njia. Aprili 2013, England na Wales ziliondoa msaada wa kisheria wa serikali katika mashauri mengi ya uhamiaji yasiyohusu ukimbizi. Mwenye fedha humwajiri wakili. Asiye nazo hupambana peke yake na hati za mishahara na taarifa za benki, au huangukia mikononi mwa vishoka, ingawa kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini ni kosa la jinai huko. Ombi likikataliwa, ada ya maombi hairudi.

Nitaambiwa kwamba Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikwisha kuamua. Ni kweli, mwaka 2017 ilikubali kigezo cha kipato kimsingi. Lakini mahakama hiyo hiyo ilizikosoa kanuni kwa kutozingatia ipasavyo maslahi ya watoto. Jambo kuwa halali si hoja ya kutosha kwamba ni la haki.

Nanyi watumishi wa umma wa kwetu msijifiche nyuma ya kauli kwamba hiyo ni sheria ya wenyewe. Kenya ilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, Tanzania mwaka 2017. Tulikiri kwamba maskini hapaswi kusimama peke yake mbele ya sheria. Kwa nini imani hiyo iishie uwanja wa ndege? Balozi zetu London zitoe mwongozo kwa Kiswahili na orodha ya washauri waliosajiliwa. Vitivo vya sheria viwasaidie wanandoa waliobaki huku kukusanya na kuhakiki vyeti vyao.

Kila bajeti tunazisifu fedha zinazotumwa na ndugu zetu walioko ng'ambo. Wanaozituma wanastahili zaidi ya sifa.