Nani Aliyesema Isimame?

Katika Kiswahili cha ofisi zetu, maneno yanayonikera kuliko yote ni haya mawili: "mfumo umegoma". Mfumo haugomi. Hugoma mtu, mwenye tumbo na madai. Chombo husimama kwa sababu kimeharibika, au kwa sababu mtu amekiamuru kisimame, na mambo hayo mawili yanatofautiana kama mgonjwa na mfungwa. Mgonjwa hupelekwa kwa mganga. Mfungwa tunamuulizia: nani amemfunga, kwa kosa gani, na atatoka lini?

Hapa Ndalambo yupo mzee mwenzangu, mwalimu mstaafu kama mimi, aliyekaa miezi minne bila pensheni. Nilimsindikiza kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani akatazama kioo chake, akasema, "Shikamoo wazee wangu. Hapa inaonyesha malipo yamesimamishwa." Yamesimamishwa na nani? "Haionyeshi, mzee." Tangu lini? "Haionyeshi." Basi afanye nini? "Tusubiri mfumo." Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, wala sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wale waliomkalisha mbele ya kioo kisichojua kujibu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo tabia ya kompyuta. Si kweli. Zile kompyuta kubwa ziitwazo meinifremu, ambazo mabenki makubwa ya dunia hutumia mpaka leo, zina programu za kuwasha na kuzima kazi zenyewe. Mojawapo ni System Automation ya kampuni ya IBM. Humo hakuna kitu kinachosimama kimyakimya. Anayetaka kazi fulani isimame huweka ombi, na ombi hilo huandikwa: limetoka kwa nani, saa ngapi, lina uzito gani. Maombi yakipingana, lenye uzito mkubwa hushinda, lakini lililoshindwa halitupwi. Husubiri zamu yake. Ombi la kusimamisha hukaa kitabuni mpaka lifutwe, au mpaka ufike muda wa kukoma liliowekewa. Kazi ikikataa kuwaka ilhali haina kasoro, msimamizi hafungui mashine kwa bisibisi. Anafungua orodha ya maombi na kumtafuta aliyesema isimame.

Asiyeona meinifremu asihofu. Tulikuwa na jenereta shuleni. Fundi aliweza kuizuia kwa sababu imechemka. Mtunza stoo, kwa sababu dizeli imewekwa akiba ya mitihani. Nami, kwa sababu zangu. Kila mmoja aliandika mstari wake daftarini, na kila mmoja alifuta wa kwake tu. Fundi akimaliza kazi, jenereta haikuwashwa kama mstari wa stoo ungalipo. Mwalimu wa zamu akiulizwa na wanafunzi mbona giza, alisoma daftari na kuwajibu. Sikuhitaji shahada ya kompyuta kulianzisha daftari hilo. Lilikuwa la kurasa tisini na sita, la mistari.

Nchi yetu imewahi kuisimamisha hata kompyuta yenyewe. Hazina ilipata ya kwanza mwaka 1965, aina ya ICT 1500, na mwaka 1968 ikaja ICL ya jamii ya 1900. Hesabu za serikali zilipoingizwa humo zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sababu zilikuwepo, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Silaumu kwamba amri ilitolewa. Lakini mwulize mtu wa rika langu ni siku gani amri ile ilifutwa. Atakuna kichwa. Ililegea kidogo kidogo, kibali baada ya kibali, kadiri biashara ilivyofunguliwa miaka ya 1980 na kuendelea. (Televisheni nazo zilizuiwa, Bara ilingoja mpaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu miaka ya 1970.)

Sipingi kusimamisha. Mwezi Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi, na akaagiza waondolewe. Ilikuwa amri kali, na ilipita katika nyumba nyingi. Lakini kila mtu alijua nani ameitoa, siku gani, na kwa sababu gani. Kwa hiyo aliyeona ameonewa alijua pa kupeleka rufaa yake, na wapo waliorudishwa kazini. Amri ile ilikuwa na mwenyewe. Ya mzee mwenzangu haikuwa na mwenyewe, ndiyo maana haikuwa na mahali pa kukatiwa rufaa.

Wakubwa wataniambia kwamba majina yakiandikwa, watumishi wataogopa kumzuia hata mwizi. Mbona mgambo aliyemkamata mwizi hutaka jina lake lijulikane kijiji kizima? Anayeogopa ni yule aliyezuia kwa simu, ati "agizo kutoka juu", bila karatasi. Na mambo yakiharibika, huyo wa juu huwa hana habari. Anayeitwa kujieleza ni karani. Daftari linamlinda karani kuliko linavyomtisha. Hoja nyingine, kwamba ni gharama, siijibu. Kioo kilichoweza kuandika "yamesimamishwa" kina nafasi ya kuandika jina la dawati na tarehe.

Ninachodai ni kidogo. Wilaya yetu ya Momba ina wastaafu wanaokopa nauli ili wafike dirishani. Karani awe na mstari wa kuwasomea: malipo haya yalizuiwa tarehe fulani, na dawati fulani, kwa kukosa fomu ya uhakiki, zuio litaondolewa na dawati hilo hilo siku fomu itakapofika. Hapo mzee atapanda basi la jioni kurudi Ndalambo akijua ni karatasi gani anakwenda kuitafuta.