Mahema ya Wiki ya Sheria hayatoshi

Kila Januari inapoelekea ukingoni, Wiki ya Sheria huja na mahema yake ya ushauri, na mahema huja na hotuba. Mawakili huambiwa wawakumbuke wanyonge na wapunguze tamaa ya pesa. Tangu 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imeongeza mahema, na hotuba zimeongezeka nayo. Nimezichoka. Zinamwomba wakili huruma mahali ambapo serikali ilipaswa kuweka fedha, na anayelipia kosa hilo ni mtu wa Kiseke, hapa Mwanza, mwenye kiwanja cha urithi.

Turudi 2021. Kabla ya mwaka huo, baraza la kata liliamua migogoro ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3, na wakili hakuruhusiwa kumwakilisha mtu humo. Aliyesogezewa mpaka na jirani alijieleza mwenyewe. Bunge likabadili sheria: sasa baraza la kata linapatanisha tu, tena kwa siku 30. Upatanisho ukishindikana, safari ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenye uwezo anaingia na wakili wake.

Waliotetea mabadiliko walisema wajumbe wa kata hawakusomea sheria, wengine walipokea kitu kidogo, na maamuzi mengi yalifutwa kwenye rufaa kwa sababu akidi haikutimia. Ni kweli. Lakini anayefunga mlango ambao mtu alipita bila wakili ana wajibu wa kusema wakili atapatikana wapi. Hilo halikusemwa.

Na Kiseke ni mahali pa migogoro hiyo hasa. Yalikuwa mashamba, yakageuka viwanja. Vingine vimepimwa, vingine vinashikiliwa kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa na sahihi za mashahidi ambao baadhi yao wameshazikwa.

Mchukulie mjane ambaye shemeji yake ameuza nusu ya kiwanja, na upatanisho wa kata umeshindikana. Anafika hemani, anaambiwa afungue shauri baraza la wilaya. Ushauri ni sahihi na umechukua dakika kumi. Anafungua kwa jina lake. Wakili wa mnunuzi anasimama na pingamizi la awali: mama huyu hajateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu, hana mamlaka ya kushtaki. Shauri linaondolewa. Mama anaanza upya Mahakama ya Mwanzo, na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi, ukoo uleule ambao shemeji ndiye msemaji wake. Akifanikiwa, anarudi barazani. Shauri linatajwa. Linaahirishwa. Siku nyingine mwenyekiti ana udhuru. Kuna kwenda kuliona eneo lenyewe, kuna maoni ya wajumbe, kuna hukumu. Akishindwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Zikimpita akiwa anatafuta nauli, anatakiwa aombe kuongezewa muda na kutoa sababu ya kila siku aliyochelewa. Kila siku! Hema lilishakunjwa zamani.

Hapo ndipo swali la kinachomsukuma wakili lina maana. Mawakili ninaowafahamu hawapendi kushindwa. Wanajali majina yao. Wengi wao, jina likishaandikwa kwenye jalada, humpigania mteja hata kama hajamaliza kulipa, kwa sababu mtu anayekutegemea ni vigumu kumwacha njiani. Nguvu hiyo naiamini kabisa. Ila huanza kazi wakili akishaingia kwenye shauri, na ili aingie lazima kodi ya ofisi iwe imelipwa. Wakili kijana naye ametoka mbali. Kwenye matokeo ya Shule ya Sheria ya 2022 yaliyoleta kelele nchi nzima, wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndio waliofaulu moja kwa moja. Anayepita tundu hilo anatoka na miaka mingi ya gharama mgongoni, kisha tunamshangaa anapoulizia ada.

Kuna watakaonikumbusha kwamba kuusaidia umma ni mojawapo ya malengo ya Chama cha Mawakili Tanganyika kisheria. Naam. Daktari wa hospitali ya Bugando naye ameapa kuokoa maisha, na hakuna kiongozi anayethubutu kumwambia atibu kwa upendo, bila mshahara, wiki moja kwa mwaka, halafu wagonjwa wasubiri Januari nyingine. Kwa nini ardhi ya mjane ndiyo iachiwe hisani? Hilo ni jukumu la serikali, na serikali inalikwepa.

Na faida ya shauri kufikishwa mwisho tunaijua. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu hapahapa Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba Holaria Pastory wa Muleba alikuwa na haki ya kuuza ardhi aliyorithi kwa baba yake kama mwanamume yeyote, ingawa mila ya Kihaya ilikataa. Aliiuza kwa shilingi 300,000. Alishindwa Mahakama ya Mwanzo, akashinda Wilaya, na Bernardo Ephrahim wa ukoo wake akakata rufaa Mwanza. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba tangu 1984, lakini zilimfaa kwa kuwa shauri lake lilivuka ngazi zote tatu likiwa hai.

Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawasimami mahakamani. Mzigo wa fedha umebebwa zaidi na mashirika ya kutetea haki kama Kivulini, na nyuma yao wafadhili wa nje. Kenya, kwa sheria ya 2016, iliandika mfuko ndani ya sheria yenyewe. Sisi tuanze na mabaraza ya ardhi ya wilaya: orodha ya mawakili kwa kila baraza, walipwe na bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria, jina la wakili liingie kwenye jalada siku shauri linapofunguliwa. Na malipo yatolewe shauri linapomalizika, rufaa ikiwemo, maana ukimlipa mtu kwa kila kikao unanunua maahirisho.