Mfanyakazi wa mtandaoni atozwa ada kama wengine, lakini sheria ya kazi haimjui

SHERIA ya Ajira ya Kenya ilipitishwa mwaka wa 2007, mwaka ule ule ambapo huduma ya M-Pesa ilizinduliwa. Mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo, lakini leo yamekutana barabarani. Yupo kijana mwenye pikipiki ambaye hupokea kazi kwa simu, hulipwa kwa simu na, siku atakapokosana na anayemtuma, atafutwa kwa simu. Sheria ile haikumwona akija.

Si haki kuwalaumu waliyoitunga. Walikuwa na picha ya kiwanda chenye lango, msimamizi na daftari la mahudhurio, na kwa mfanyakazi wa kiwanda hicho walifanya kazi ya kusifiwa. Walimpa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka, wakampa mama mzazi miezi mitatu kwa malipo kamili na baba wiki mbili.

Aidha, walimzuia mwajiri kumfuta mtu kwa hasira za asubuhi. Kifungu cha 41 kinamtaka amweleze mfanyakazi sababu za kutaka kumwachisha kazi, tena kwa lugha anayoielewa, kisha amsikilize akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Akifutwa bila haki, korti inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Haki zote hizo, hata hivyo, zina mlango mmoja tu, nao ni neno "mwajiriwa". Sheria inamfasiri kuwa mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na inamjumuisha mwanagenzi. Asiyeingia katika fasiri hiyo hubaki nje hata akitoka jasho saa 14 kwa siku. Ukifuatilia mizozo ya ajira ya miaka hii ya karibuni, utaona kwamba mingi inaanzia hapo mlangoni, kabla hata ya suala la malipo kutajwa.

Mzozo wa kwanza ulimhusu kibarua. Kisheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Bunge lilijua vyema kwamba wapo Wakenya walioitwa vibarua kwa miaka 10 katika kiwanda kimoja, ndiposa likaweka kifungu cha 37. Kwa mujibu wa kifungu hicho, kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, mkataba wake hugeuka ukawa wa kulipwa kwa mwezi, na hawezi kuachishwa bila notisi ya siku 28. Akitimiza miezi miwili, hustahili masharti yale yale ambayo angeyapata kama hangeanza kama kibarua.

Ni kifungu kizuri. Tatizo ni kwamba waajiri walikisoma kabla ya wafanyakazi kukisoma.

Baadhi yao wakaanza kuwapumzisha vibarua kabla mwezi haujatimia, kisha kuwarudisha kana kwamba ni wageni. Wengine wakageukia mikataba mifupi ya miezi mitatu mitatu, ambayo ikikatika, mwajiri hana wa kumfuta. Muda umekwisha, basi. Mahakama zetu zimesema mara kadhaa kwamba mkataba wa muda maalumu hukoma wenyewe tarehe yake inapofika, na kwamba mfanyakazi hawezi kudai kuendelea kwa sababu tu alitarajia.

Njia ya tatu ikawa kumkodisha mfanyakazi kupitia wakala. Anavaa sare ya kampuni na kuendesha mashine yake, lakini karatasi zinasema yeye ni wa mtu mwingine aliye na ofisi mtaani. Mwaka wa 2013 Mahakama ya Viwanda, kama ilivyoitwa wakati huo, ilionya kwamba kukodisha wafanyakazi kusiwe mbinu ya kukwepa wajibu wa mwajiri. Onyo lilisikika. Mawakala nao wakazidi kuongezeka.

Wala serikali haikosi katika orodha ya wakwepaji. Walimu waliopelekwa katika shule za sekondari msingi walifundisha vipindi sawa na wenzao lakini wakaitwa wanagenzi, kwa malipo yasiyofikia ya mwalimu kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Leba iliamua kuwa Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) ilikiuka haki zao. Takriban walimu 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu Januari 2025, baada ya kesi, migomo na mabishano ya bajeti Bungeni. Ikiwa mwajiri mkubwa kuliko wote nchini anaweza kulitumia neno "mwanagenzi" kumpunguzia mtu haki, mwenye duka la mtandaoni atashindwa na nini?

Lakini mwanya ambao naamini una uzito zaidi kwa siku zijazo ni wa kazi ya kipande, na ajabu ni kwamba ulipimwa pwani, katika mashamba ya chumvi, wala si Nairobi kwenye ofisi za teknolojia. Wafanyakazi wa kampuni moja ya chumvi walikuwa wamedai kwamba, kwa muda waliofanya kazi, walistahili kulindwa na kifungu cha 37. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kuwa walikuwa wakilipwa kulingana na kiasi cha kazi waliyofanya. Hawakuwa vibarua bali watu wa kipande, na kifungu kinachomgeuza kibarua hakikuwafaa.

Sheria inaifasiri kazi ya kipande kuwa ile ambayo malipo yake hupimwa kwa kiasi cha kazi iliyofanywa, bila kujali muda uliotumika. Rudia maneno hayo polepole, kisha umfikirie dereva wa teksi ya mtandaoni. Halipwi kwa saa alizongoja abiria katika kituo cha petroli. Halipwi kwa mafuta aliyochoma akirudi mtupu kutoka Kitengela. Hulipwa kwa safari, kama vile mpakizi wa chumvi alivyolipwa kwa gunia.

Lakini hata hivyo mpakizi wa chumvi alimshinda dereva kwa jambo moja. Yeye, japo ni wa kipande, alikuwa na mkataba wa kazi, na kifungu cha 18 kinaeleza ni lini lazima alipwe. Dereva huambiwa kwamba hana mkataba wa kazi kamwe. Yeye ni "mshirika", na programu ya simu ni soko tu linalomkutanisha na mteja.

(Sisi wa magazeti tusijifanye hatuhusiki. Mwandishi wa mashinani, anayelipwa kwa kila habari inayochapishwa na asiyelipwa kwa ile inayotupwa, ni mtu wa kipande tangu kabla simu za mkononi hazijafika nchini.)

Ushirika huo una sura ya ajabu. Nauli hupangwa na kampuni, na vilevile makato. Abiria humpa dereva alama, na alama zikishuka akaunti hufungwa, pengine usiku wa manane, kwa ujumbe usio na jina la aliyeuandika. Linganisha na kifungu cha 41: sababu zielezwe, kwa lugha inayoeleweka, mbele ya mwenzake. Mwosha vyombo wa hoteli ndogo mjini Kitale ana haki hiyo akiwa na mkataba wa kazi. Dereva aliyechukua mkopo wa gari la zaidi ya milioni moja hana.

Akivunjika mguu je? Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo Mahakama ya Juu iliidumisha Desemba 2019 baada ya kesi ya miaka mingi, inamlinda mwajiriwa. Mwendesha pikipiki aliyegongwa akipeleka chakula cha mtu Kilimani anarudi kwenye swali lile lile la mlangoni.

Pamekuwa na juhudi, lakini zimetoka mahali pasipotarajiwa. Kanuni za mwaka wa 2022 zilizowekea kampuni za teksi za mtandaoni kikomo cha makato cha asilimia 18 zilitungwa chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Hizo ni kanuni za uchukuzi. Zinamtazama dereva kama chombo cha barabarani kinachohitaji leseni. Wizara ya Leba, ambayo kazi yake ni mtu aliye ndani ya chombo hicho, haikuwa mbele katika jambo hilo, na madereva wamegoma mara kadhaa wakilalamikia nauli na makato.

Kuhusu wanaofanyia kazi nyumbani, jambo lililoenea wakati wa janga la Covid-19 mwaka wa 2020, Seneta wa Nandi Samson Cherargei aliwasilisha mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na barua pepe za mkubwa wake baada ya saa za kazi. Shirikisho la Waajiri (FKE) liliupinga. Ni wazo zuri, ila linamhusu aliyekwisha kupita mlangoni. Mwenye pikipiki akizima simu, hakuna kazi.

Utasikia ikisemwa kwamba watu hawa ni wagumu kuwatambua: hawana mwajiri mmoja, mapato yao hayatabiriki, hawana hati ya malipo. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama serikali hiyo hiyo haingekwisha kuitatua ilipohitaji pesa.

Novemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha ushuru wa nyumba uliokuwa katika Sheria ya Fedha ya mwaka huo, sababu mojawapo ikiwa kwamba uliwalenga wenye mishahara na kuwaacha wengine. Kufikia Machi 2024, miezi minne tu baadaye, palikuwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotoza asilimia 1.5 ya mapato ya kila mtu, awe na mshahara au asiwe nao. Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) ilipoanza Oktoba 2024, ilimjumuisha pia asiyeajiriwa: asilimia 2.75 ya mapato ya familia yanavyokadiriwa, isipungue Sh300 kwa mwezi.

Kwa hivyo maneno ya kumfasiri mtu asiye na mshahara yalipatikana, na yalipatikana haraka. Yalimwingiza mahali pa kulipa tu. Na hapo penyewe halipi sawa na wenzake, kwa kuwa karani akikatwa asilimia 1.5 ya nyumba, mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Katika Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) ni asilimia sita kwa sita. Mtu wa kipande hana wa kumwongezea.

Sisemi kila dereva afanywe mwajiriwa kamili kesho. Wengi wao huwasha programu mbili au tatu kwa wakati mmoja, na swali la ni kampuni gani imlipie likizo si la mzaha. Wapo pia wanaoipenda kazi hiyo kwa sababu hawana msimamizi wa kuwafokea. Ukiilazimisha kampuni kumwajiri kila mtu, huenda ikawaajiri wachache na kuwafungia mlango waliosalia.

Lakini wengine wamelipitia swali hilo bila soko kuporomoka. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofikisha kesi mbele yake walikuwa wafanyakazi waliostahili mshahara wa chini na likizo ya malipo, ingawa si waajiriwa kamili. Nchi hiyo ina chumba cha kati katika sheria yake. Sisi tuna ndani na nje tu. Mwaka wa 2024 Muungano wa Ulaya ulipitisha agizo linaloyataka mataifa wanachama kuweka dhana kwamba mtu anayedhibitiwa na kampuni ya mtandaoni ni mwajiriwa wake hadi kampuni ithibitishe vinginevyo, yakipewa hadi Desemba 2026 kuliingiza katika sheria zao. Uber imekuwa Nairobi tangu 2015.

Mahakama zetu nazo hazijalala. Zaidi ya watu 180 waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook jijini Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walienda kortini mwaka wa 2023 baada ya kuachishwa kazi. Kampuni ya Meta ilidai kwamba, kwa kuwa ni ya kigeni, haiwezi kushtakiwa hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo. Hilo halikuwapa fidia. Liliwapa haki ya kusikilizwa tu, na iliwachukua mwaka mmoja na nusu.

Katiba ya 2010 ingewasaidia watunga sheria kama wangeisoma kwa makini. Kifungu cha 41 cha Katiba hakizungumzi juu ya "mwajiriwa". Kinaanza kwa "kila mtu" ana haki ya kutendewa haki katika kazi, kisha kinaendelea kwa "kila mfanyakazi". Kwa sisi ambao riziki yetu ni kupima maneno, tofauti hiyo si ndogo: Katiba imefungua mlango mpana kuliko Sheria ya Ajira, na Bunge halijaupanua ule wa pili ulingane na wa kwanza.

Marekebisho yenyewe yanaweza kuwa mafupi. Fasiri ya kifungu cha 2 iguse mtu anayefanya kazi kwa kipande chini ya udhibiti wa kampuni, hata kama mkataba unamwita mshirika, na kifungu cha 41 kimlinde kabla akaunti yake haijafungwa. Jambo jingine ni ushahidi. Tayari kifungu cha 10 kinasema kwamba mwajiri asipotoa mkataba ulioandikwa, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Kanuni hiyo ikipanuliwa, kampuni ndiyo itakayotakiwa kuonyesha kwamba dereva hakuwa mtu wake. Kampuni ina rekodi ya kila safari, kila saa na kila shilingi tangu siku ya kwanza. Dereva, akaunti ikishafungwa, ana zile picha za skrini alizobahatika kuhifadhi.