Bomba la Moshi Nalo ni Turathi

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa thamani ya kitu cha kale. Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ikafuata mwaka 2011. Walakini ziko turathi nyingine ambazo hatuzihesabu, kwa sababu zimejaa mafuta na masizi. Nasema juu ya pikipiki za vita, zile zilizoendeshwa na wanahewa na matarishi wa jeshi kati ya mwaka 1939 na 1945.

Pikipiki hizo zilikuwa za aina chache zilizosifika: BSA M20 ya Birmingham, Norton 16H na Matchless G3/L. M20 peke yake zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Katika viwanja vya ndege kazi yao ilikuwa kubwa, kwani ndege zilitawanywa mbali mbali ili bomu moja lisiziangamize zote, na amri ilipotoka ofisini ilibidi mtu aipeleke upesi. Vita hivyo havikuwa mbali nasi. Mwaka 1940 wanahewa wa Afrika Kusini waliruka kutoka Kenya kwenda kuwapiga Waitalia. Mwaka 1942 manowari za Uingereza zilikimbilia Kilindini, na ndege zao zikatua Port Reitz, mahali ambapo leo ni uwanja wa kimataifa wa Moi. Vita vilipokwisha, pikipiki nyingi za jeshi ziliuzwa kwa raia.

Hata jina tulilolipa chombo hiki limetoka katika mlio wake. Wazee wetu walisikia piki-piki-piki, wakakiita pikipiki; wengine walisikia tuku-tuku, wakakiita tukutuku. Na mlio huo hutoka wapi ila katika bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi? Basi anayelitupa bomba la asili na kutia lolote aliloliokota, ameondoa sauti iliyokipa chombo jina lake.

Nilipofika Munyaka, huko Eldoret, nilisimama kando ya fundi mmoja wa jua kali aliyekuwa akitengeneza bomba la M20 ya mzee mmoja. Munyaka kwa Kikuyu ni bahati, nami naona bahati ilikuwa ya yule mzee. Fundi hakukimbilia moto. Alilisafisha bomba kwanza, akaligonga polepole akisikiliza wapi pamebaki chuma na wapi pamebaki kutu tu. Sehemu iliyooza aliikata. Kisha alichukua bomba jipya la kipimo kile kile, akalijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, ndipo akalipasha moto na kulipinda. Mchanga huo hulizuia lisibonyee kwenye kona. Na mchanga ukiwa na unyevu ni hatari, kwani mvuke waweza kuipasua ile ziba na kumjeruhi fundi.

Sababu ya mabomba haya kufa yafaa ijulikane. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji karibu lita moja. Pikipiki ikienda safari ndefu, maji hayo hutoka kama mvuke. Ikiwashwa dakika tano na kuzimwa, hubaki ndani na kulila bomba kutoka tumboni. Huku kwetu chumvi ya bahari hulila kutoka nje. Huko Eldoret, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya tano, hivyo injini isiyorekebishwa hula petroli kupita kiasi na kujaza bomba masizi.

Wako vijana wanaong'oa vibati vya ndani vinavyopunguza kelele, wakidhani pikipiki imepata nguvu. La hasha! Mara nyingi huwa wameongeza zogo tu, na mgonjwa hospitalini hapati usingizi. Wako pia wafanyabiashara wanaotia bomba jipya na kuliuza kama la mwaka 1942. Huo ni udanganyifu mtupu. Rai yangu ni hii: kilichobaki kitengenezwe, kilichooza kibadilishwe, na mnunuzi aambiwe wazi kipi cha zamani na kipi cha jana. Kuuziana kwa haki ni amana.

Yuko atakayeuliza: vyombo vya mkoloni vyatuhusu nini? Swali hilo ni halali. Lakini Ngome ya Yesu ilianzwa na Wareno mwaka 1593, nasi hatukuibomoa. Tunaitunza kwa kuwa damu na jasho la watu wetu vimo ndani ya kuta zake. Askari wa King's African Rifles walipigana Uhabeshi na Burma, na mikono ya mafundi wa nchi hii ndiyo iliyoziwezesha pikipiki hizi kutembea miaka mingi baada ya Mwingereza kuondoka. Historia hiyo ni yetu pia.

Jambo la kuhofia ni mizani ya chuma chakavu. Mzee hufariki, warithi huuza pikipiki kwa kilo, na kitu kilichodumu miaka themanini huyeyushwa kwa siku moja. Fundi naye huzeeka bila mwanafunzi. Vyuo vyetu vya ufundi vingefanya jambo jema kuwapeleka vijana kwa mafundi wa namna hii, na makumbusho yetu yangefanya jema zaidi kuziandikisha pikipiki zilizosalia kabla hazijatoweka.

Nawe ndugu msomaji, ikiwa iko moja ghalani mwa marehemu babu, usimwite mwenye mizani kabla hujamwita fundi.