Barabara za Milimani Hazikujifia



Sisi tunaokaa Nyakabiga tunakula maharage na ndizi kutoka milimani, lakini njia zinazopitisha chakula hicho hatuzikumbuki mpaka bei ipande sokoni.

Nyingi za barabara hizo za udongo zilichimbwa wakati wa Wabelgiji, kwa shokoa. Wazee wetu walishika jembe bila mshahara, kiboko kikiwa karibu. Baada ya uhuru wa 1962 kaburimbo ilitandazwa kwenye njia chache kubwa, magari yakahamia huko, na za zamani zikaachwa.

Barabara ya udongo huuawa na jambo dogo. Mtaro ukizibwa, maji ya mvua hushika katikati ya njia. Masika ya kwanza huacha ufa, ya pili huacha korongo, na lori haliji tena. Pengine hubaki mstari wa mikaratusi tu, kuonyesha kwamba hapo palikuwa na barabara.

Anayelipa ni nani? Mchuma chai wa Teza au Rwegura anajua: jani linatakiwa kufika kiwandani siku ile ile lilipochumwa, la sivyo huharibika. Gari likikwama, jasho lake ndilo linalotupwa.

Kazi za pamoja za Jumamosi hatuzikatai, ila mvua haingoji Jumamosi. Tunataka kila kipande cha barabara kiwe na mtunzaji wake, mwenye mshahara wa mwezi na haki ya matibabu kama mfanyakazi yeyote. Shokoa ilikwisha, azibuaye mtaro alipwe.