Mtoto wangu si makaratasi

Najua nimekuwa adimu. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimemezwa na maabara. Sijamezwa. Ni kwamba mimi sasa ni mama kijacho, wiki ya 31, na kupanda ngazi za idara yetu ghorofa ya tatu kumekuwa kama kupanda Uluguru na ndoo kichwani. Baba kijacho naye yuko zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo tunaonana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo.

Leo sikuja kuwapa picha za tumbo. Nimekuja kugomba. Asiyependa kelele afunge ukurasa sasa hivi, tutaonana wiki ijayo.

Jumamosi iliyopita Watanzania wa hapa Leeds na miji ya jirani tulikusanyika kusherehekea Uhuru. Ukumbi wa kukodi, pilau, kachumbari, watoto wanakimbizana, mziki wa zamani, raha tupu. Niko kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi. Akaja kaka mmoja ninayemheshimu, mtu mzima, msomi. Akaliangalia tumbo langu, akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Hongera dada! Sasa makaratasi yako tumboni!"

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Hiyo ndo inaniuma mpaka leo, kwamba na mimi nilicheka.

Sio mara ya kwanza. Binamu yangu wa Morogoro nilipompa habari alijibu kwa neno moja: "Mmeula." Rafiki niliyesoma naye Mlimani, tuliyelala chumba kimoja Hall Three na kugawana dagaa, akaniuliza eti lini mtoto akianza kutuombea uraia nimkumbuke. Hakuna aliyeniuliza nalala vipi. Hakuna aliyeuliza kama miguu inavimba. Wote wameona pasipoti, hawajaona mtoto.

Basi tuanze na jambo la kwanza: wote hao wamekosea. Sisemi kimaadili, huko nitakuja. Wamekosea kisheria kabisa. Kuna watu wanaamini ukizalia Ulaya tu, mtoto anatoka na pasipoti nyekundu mkononi. Hapa Uingereza mambo hayo yaliisha tarehe 1 Januari 1983, ilipoanza kutumika sheria ya uraia ya 1981. Tangu siku hiyo, mtoto anayezaliwa hapa anakuwa Mwingereza kwa kuzaliwa pale tu ambapo mzazi mmoja ni raia au ana kibali cha kuishi moja kwa moja. Mimi nina viza ya mwanafunzi. Mume wangu amekuja kwa viza ya mtegemezi wa mwanafunzi. Mtoto wetu hatakuwa Mwingereza. Hata ya kuishi hapa moja kwa moja hatakuwa nayo. Akizaliwa anaruhusiwa kukaa nasi, lakini siku tutakayompeleka kumsalimia bibi yake hawezi kurudi hapa bila viza yake mwenyewe, ambayo inalipiwa.

Wapo watakaosema basi si angezalia Ireland. Nako wananchi walipiga kura mwaka 2004 na mlango ukafungwa Januari 2005. Ujerumani? Mzazi mmoja lazima awe ameishi kihalali miaka mitano, na kabla ya 2024 ilikuwa minane. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kama mimi anaitoa wapi miaka hiyo?

Marekani ndiyo, Katiba yao inatoa uraia kwa anayezaliwa pale tangu 1868, na mwaka 2025 rais wao alijaribu kuwanyima watoto wa wenye viza za muda kama zetu, ikawa kesi mahakamani. Lakini hata huko, mtoto hawezi kumwombea mzazi wake ukaazi mpaka afikishe miaka 21. Yaani ubebe mimba leo, uamke usiku kumnyonyesha, umsomeshe, umvumilie akiwa na miaka kumi na tano, halafu baada ya miaka 21 uanze kujaza fomu. Huo ni mpango wa nani? Mtu mwenye subira ya namna hiyo angelima korosho tu.

Pili, eti tunakula bure. Hii nayo naomba niitolee jasho. Mwanafunzi wa kigeni anayekuja hapa analipa ada ya afya kabla hajapanda ndege. Nilipokuja Septemba 2024 ilikuwa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na mume wangu kiasi hichohicho. Kwa miaka minne, watu wawili, piga hesabu: zaidi ya pauni 6,000, zimelipwa kwa mkupuo kabla hatujaugua hata mafua. Kwa hiyo mkunga anaponipima presha, kipimo cha ultrasaundi cha wiki ya 12 na cha wiki ya 20, sindano ya kumkinga mtoto na kifaduro, vyote hivyo nimeshavilipia. Na ile posho ambayo serikali inawapa wazazi wa hapa kila mwezi kwa ajili ya mtoto, sisi viza zetu zimeandikwa wazi kuwa hatuigusi. Nepi tutanunua wenyewe.

Sasa kwa nini nagomba hivi wakati mtu alikuwa anatania tu? Nigombe kwa sababu ya dada mmoja, ambaye simtaji jina wala nchi, naye alinipa ruhusa nisimulie. Ni mwanafunzi kama sisi. Aliposhika mimba alisikia utani huuhuu kwa watu wake. Akaona aibu. Akaanza kuvaa makoti makubwa, akaacha kwenda kanisani, akaacha kuja kwenye sherehe. Tena kuna mtu alimwambia akienda hospitali ataletewa bili ya maelfu na jina lake litapelekwa uhamiaji. Akaamini, kwa kuwa hakuwa na wa kumuuliza bila kuchekwa. Alikwenda kwa mkunga kwa mara ya kwanza mimba ina wiki 26. Wiki 26 jamani! Hapa mama anatakiwa aonwe kabla ya wiki ya 10. Alikuta damu yake iko chini sana, na alikuwa anabeba mchele wa kilo kumi peke yake mpaka ghorofa ya nne.

Na ada ya afya alikuwa ameshalipa, kama mimi. Hakuna bili iliyokuja. Alijificha miezi sita kwa ajili ya deni ambalo halikuwepo na kicheko ambacho kilikuwepo.

Mtoto wake mzima, Mungu ni mwema. Lakini angekuwa si mzima, wale waliocheka wangekuja msibani na kuuliza: "Mbona hakutuambia?"

Kuna wataosema: "Dada, umekuwa mkali, huo ni utani wetu wa kawaida." Sawa, tuongee habari ya utani, maana mimi ni mjukuu wa Mzaramo na nimekulia kwenye utani. Mnyamwezi akija kwetu msibani atatukana marehemu, ataficha jeneza, atadai alipwe ndo litoke. Tunacheka huku tunalia. Lakini yule yule mtani ndiye anayeshika jembe. Ndiye anayechota maji. Ndiye anayekaa na wafiwa mpaka usiku. Utani una kazi ndani yake, na bila hiyo kazi unabaki kuwa matusi. Sasa nikuulize kaka yangu wa kwenye foleni: ulipomaliza kunitania, maji ulichota wapi?

Na ninajua wapo wanaopanga kuzalia nchi fulani kwa ajili ya uraia. Wapo, sitadanganya. Mzazi anayemtafutia mwanawe maisha yenye nafuu mimi simwiti mwizi, maana hata aliyehama Kilosa kwenda Dar alifanya hivyo. Ninachokataa ni kila mwanamke mwenye tumbo nje ya nchi kupigwa muhuri huohuo. Mtu anaolewa, anashika mimba, kama walivyofanya mama yako na mama yangu. Mimi nina miaka 31. Nilitakiwa nisubiri mpaka nimalize tasnifu, nirudi, nipate kazi, nijenge, ndo nizae msiniseme? Na huyo huyo binamu angekuwa wa kwanza kuuliza, "Mbona huzai, au huko kuna tatizo?"

Wengine wanasema basi ungerudi uzalie nyumbani. Ningependa. Walahi ningependa. Mama yangu angenikanda maji ya moto, angenipikia uji wa pilipili manga, angenikataza kushika ufagio siku arobaini. Lakini mashirika mengi ya ndege yanataka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na baada ya wiki ya 36 hawakubebi kabisa. Nikienda mapema, utafiti unasimama na ufadhili haunisubiri. Na mama hawezi kuja, anamuuguza bibi. Kwa hiyo siku hiyo tutakuwa wawili tu, mimi na baba kijacho, ambaye hajawahi kumbeba mtoto mchanga na anafanya mazoezi na mto wa kulalia. Msimcheke, nimemcheka mimi inatosha.

Hivi ndivyo tulivyojiandaa, kwa wanaodhani tumeula. Kitanda cha mtoto kutoka duka la mitumba, pauni 15, tumekipaka rangi. Kigari cha kusukuma tumepewa na jirani Mpakistani, mama wa watu wanne, aliyenigongea mlango mwenyewe baada ya kuniona natembea kwa kushika kiuno. Kiti cha gari tumenunua kipya, maana mkunga kasema cha mtumba huwezi kujua kama kilishapata ajali. Doti mbili za kanga mama alimpa mwanafunzi aliyekuwa anakuja Manchester. Nimezifua, nimezikunja, ziko kwenye begi la hospitali. Juu kabisa. Nataka kitu cha kwanza kumgusa mwanangu baada ya mikono yetu kiwe kanga ya bibi yake.

Akishazaliwa tuna siku 42 za kumsajili hapa. Kisha tutachukua cheti chake mpaka ubalozini London kumwombea pasipoti. Ipi? Ya Tanzania! Kwa Sheria ya Uraia ya 1995 yeye ni Mtanzania kwa sababu wazazi wake ni Watanzania. Atakuwa na pasipoti yenye ngao ya Uhuru na Umoja, ileile aliyonayo kaka wa kwenye foleni. Ndugu yake kabisa, ambaye alimkaribisha duniani kwa kumwita makaratasi.

Sasa ombi langu, halafu nikae kimya nikapumzishe miguu. Ukimwona mwanafunzi mwenzako mjamzito huku ugenini, huna haja ya kumchangia kitu cha bei. Mwulize kama ameshaonana na mkunga. Mwambie kwamba ada ya afya aliyolipia viza inahusu na uzazi, maana huenda hajui. Mbebee mfuko wa mchele. Siku akijifungua nenda na chupa ya uji, kaa dakika ishirini, osha vyombo, ondoka. Ukishafanya hayo nitanie utakavyo, nitacheka kwa moyo wote, kwa kuwa utakuwa mtani wangu kweli.

Na wewe dada uliyevaa koti kubwa unasoma hapa kimyakimya, umekaa nyuma darasani ili wasikuone: niandikie. Sitakuuliza habari ya viza. Nitakuuliza umekula nini leo.

Nimemaliza. Nawakilisha.

Mama Kijacho, Leeds