Mizani ya Mpiga Kura

Mfanyabiashara mashuhuri anapojitokeza kuomba ubunge, kauli mbili husikika. Wafuasi wake husema kwamba aliyekwisha kushiba hataiba mali ya umma. Wapinzani wake husema kwamba anatafuta kiti ili alinde duka lake. Kauli zote mbili zina kasoro moja: zinatazama mfuko wa mtu na kusahau kazi yake. Historia ya Mwanza inatoa kipimo bora zaidi.

Mwaka 1947 kijana Paul Bomani, aliyekuwa amefanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, alijiunga na uongozi wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Wakati huo ununuzi wa pamba ya Usukuma ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiasia. Mkulima alifikisha mzigo wake, akatajiwa uzito, akapokea alichopewa. Kilio kikubwa kilikuwa juu ya mizani, na wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe ili wasipunjwe. Kutokana na juhudi hizo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, Bomani akiwa meneja wake mkuu. Kabla ya Uhuru, Shirikisho lilikwisha kushika ununuzi wa pamba yote ya Jimbo la Ziwa.

Hapo ndipo ilipojengeka heshima iliyomfikisha katika Baraza la Kutunga Sheria na hatimaye katika Wizara ya Fedha. Alikuwa mtu wa biashara, lakini faida ya biashara ile ilionekana katika mfuko wa mkulima.

Hata hivyo, katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 1965, wapiga kura wa Mwanza walimnyima kiti. Uchaguzi ule ulikuwa wa chama kimoja, wagombea wawili wakishindania jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba. Waziri wa Fedha alisimama jukwaa moja na mpinzani wake, akapimwa, akashindwa. Baadaye alirejea Bungeni kwa njia nyingine, akaendelea kuwa waziri, na tangu mwaka 1972 akawa balozi nchini Marekani.

Wako watakaosema kwamba wananchi wale hawakuwa na shukrani. Hoja hiyo haina uzito. Shukrani ni deni la jirani kwa jirani. Kura ni dhamana inayotolewa kwa muda. Tena, wakati ule manung'uniko dhidi ya vyama vya ushirika yalikuwa yameenea nchini, hata mwaka 1966 Rais akaunda kamati maalumu ya kuvichunguza. Mkulima aliyefundishwa kuichunguza mizani ya mnunuzi hakuweza kuambiwa asiichunguze mizani ya chama chake, wala ya kiongozi wake.

Somo hilo ni zito zaidi leo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mlango ukafunguka kwa mwenye mali kugombea. Ikafuata takrima, iliyopewa uhalali na sheria mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Kofia, pilau na noti ya mkononi zilianza kuchukua nafasi ya hesabu.

Mfanyabiashara ana haki ya kugombea kama raia mwingine yeyote. Lakini naye awekwe kwenye mizani. Amewalipaje wafanyakazi wake? Wavuvi na wakulima wanaomuuzia wanapata uzito halali? Chama, shule au msikiti aliouongoza umesomewa mapato na matumizi? Mwalimu na mtumishi wa umma, ambao wanajua kusoma hesabu na wanaaminiwa kijijini, wana wajibu wa kuwafundisha wenzao kuyauliza maswali hayo mapema. Swali linaloulizwa baada ya kura kuhesabiwa husubiri jibu miaka mitano.